Tumelipia Zermatt, kiongozi anasema huenda tusifike: twende au tughairi?

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Bern. Tumeteleza kwa skii kwenye njia zilizotengenezwa kwa majira sita ya baridi, na mwaka huu tumejaribu matembezi mawili ya siku moja moja, yale ya kupanda mlima kwa skii na kushuka nje ya njia. Aprili hii tumelipia wiki nzima na kiongozi, kutoka Chamonix hadi Zermatt, tukilala kwenye nyumba za mlimani. Zimebaki siku tisa na kiongozi ametuandikia kwamba hali ya hewa haitabiriki: huenda tuanzie Verbier badala ya Chamonix, na huenda Zermatt tusifike kabisa. Mume wangu, ambaye alishafika kilele cha Kilimanjaro, anasema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Tughairi? Na kiongozi anaamuaje mambo haya?

JIBU: Dada yangu, msighairi. Barua mliyopokea ndiyo dalili bora kuliko zote kwamba mmepata kiongozi mzuri. Angewaandikia siku tisa kabla ya safari ya Aprili kwamba Zermatt mtafika bila shaka, hapo ningewashauri muanze kuulizia fedha zenu. Utabiri wa hali ya hewa katika milima ya Alps unaaminika vizuri kwa siku mbili au tatu; ukivuka hapo unaonyesha mwelekeo tu. Kiongozi wenu amewaambia ukweli huo mapema, na ameshaanza kufikiria pa kuwapeleka mambo yakienda kombo.

Nianze na hili la kuuziwa mbuzi, maana naona ndilo linalomuumiza mume wako. Njia ya Chamonix hadi Zermatt, inayojulikana kama Haute Route, haijawahi kuwa mstari mmoja. Wapandaji wa Kiingereza waliiunganisha kwa miguu wakati wa kiangazi mwaka 1861. Januari 1911 kundi la wanaskii kina Roget na Kurz, pamoja na viongozi wao wa jimbo la Valais, lilifika Zermatt kwa skii, na lilikuwa limeondoka kijiji cha Bourg-Saint-Pierre, si Chamonix. Siku hizi vikundi vingi huondoka Chamonix, hulala kwenye nyumba za mlimani za Argentière na Trient, hushuka hadi Champex, kisha hupanda gari hadi Verbier na kuingia kwenye lifti. Naam, gari, hata jua likiwa linawaka wiki nzima. Kwa hiyo kuanzia Verbier ni kuruka siku mbili za mwanzo na kuingia kwenye njia ileile mahali ambapo wengine nao hushuka garini.

Na si bahati mbaya kwamba kiongozi ametaja siku hizo mbili. Milima ya Alps imesimama kama ukuta kati ya hewa baridi na yenye unyevu ya Atlantiki upande mmoja, na hewa ya Mediterania upande wa pili. Upepo ukitoka kaskazini-magharibi, mawingu hugonga kwanza safu ya Mont Blanc, na theluji nyingi huangukia Chamonix na Trient, huku Zermatt, iliyojificha ndani kabisa nyuma ya vilele, ikipata kidogo. Upepo ukitoka kusini mambo hugeuka. Mgandamizo mdogo wa hewa ukitulia karibu na Ghuba ya Genoa, unyevu hupandishwa kutoka Italia na kumwagwa kwenye mpaka: Simplon, Saas, Zermatt. Wakati huohuo upande wa kaskazini hupata Föhn, upepo mkavu wenye joto unaoshuka mabondeni kwa nguvu. Hewa hiyo ikishateremka hupata joto la nyuzi 1 hivi kwa kila mita 100. Januari 2018 theluji ilifunga barabara na reli ya Zermatt, na watalii wapatao 13,000 walikwama mjini.

Sasa fikiria kiongozi amekaa na ramani mbili mezani, moja ya upepo na nyingine ya milima. Upepo ukiwa wa kaskazini-magharibi mwanzoni mwa wiki, anaacha Chamonix na kuanzia Verbier, akitumaini kuwa upande wa mashariki utakuwa umetulia mkifika. Ukiwa wa kusini, huenda akaanzia Chamonix bila wasiwasi kisha akasita siku za mwisho. Ukibadilika mara mbili ndani ya wiki moja, jambo la kawaida kabisa mwezi wa nne, hawezi kuwaambia leo mtalala wapi siku ya Alhamisi. Watu wa pwani hatumlaumu nahodha anayekataa kutweka tanga bahari ikichafuka, ingawa nauli tumeshalipa.

Lakini mnahitaji kuelewa nini hasa anakiogopa, kwa sababu wageni wengi hudhani ni baridi au theluji inayoanguka usoni. Hayo yanavumilika. Anachokitazama kwanza ni upepo. Theluji ikianguka kwa utulivu hulala laini, sawasawa. Upepo ukiingia huibeba kutoka upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuishindilia upande wa pili, kwenye mabonde madogo na chini ya miinuko, ikawa bamba gumu lililokaa juu ya tabaka dhaifu. Mtu mmoja akiingia hapo na skii zake, tabaka dhaifu huvunjika, mpasuko hukimbia mbali kwa kufumba na kufumbua, na bamba lote huondoka naye. Ndiyo maana katika ajali nyingi sana za maporomoko ya theluji, aliyelianzisha ni yule aliyefukiwa au mwenzake wa karibu. Mlima haukumwangukia, aliufungua mwenyewe.

Ukitaka kipimo: sentimita 10 hadi 20 za theluji mpya zinatosha kuleta hatari kubwa ikiwa kuna upepo mkali, baridi kali, au theluji ya zamani iliyo chini ni mbovu. Hali ikiwa nzuri, bila upepo na kwenye mlima unaopitwa na watu kila siku, huenda zikahitajika 30 hadi 50 kufikia hatari ileile. Kwa hiyo mkisikia "imeanguka kidogo tu usiku", ulizeni upepo ulivumaje. Mimi kwa upande wangu huogopa zaidi sentimita 15 zilizopigwa na upepo kuliko 40 zilizoanguka kimya, na katika hili sina shaka hata kidogo.

Uswisi mna msaada mkubwa. Taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos, SLF, hutoa taarifa yake saa 11 jioni kila siku, na wakati wa majira ya baridi huihuisha saa 2 asubuhi. Hatari hupangwa kwa ngazi tano. Watu wengi huangalia namba na kufunga simu. Huo ni usomaji nusu. Maneno yaliyo chini ya namba ndiyo yanayosema miteremko ipi ina hatari, inaelekea wapi, na kuanzia mwinuko gani. Na msidanganyike na ngazi ya 3 kwa kuwa iko katikati. Vifo vingi zaidi hutokea siku za ngazi hiyo, kwa sababu kwenye ngazi ya 4 na ya 5 wengi hubaki chini, ilhali kwenye ya 3 anga linaweza kuwa la buluu na mlima ukavutia kweli. Kiongozi wenu siku za ngazi ya 3 bado anaweza kutembea nanyi, lakini atachagua miteremko iliyolala. Mabamba ya theluji kwa kawaida huondoka kwenye mteremko wa nyuzi 30 na zaidi, na ramani za swisstopo, idara ya ramani ya Uswisi, huonyesha kwa rangi kila mahali palipozidi kipimo hicho. Fungueni ramani hiyo leo kwenye simu, mfuate njia yenu kwa kidole kutoka nyumba hadi nyumba. Mtaona wenyewe ni wapi rangi inagusa njia, na mtaelewa nusu ya maamuzi yake kabla hamjaonana naye.

Jambo la pili ni kuona. Ukungu ukishuka juu ya mto wa barafu, ardhi na anga huwa weupe mmoja. Huoni skii zako zinaelekea wapi, hujui kama unasonga au umesimama. Wengine hupata kizunguzungu na kuanguka wakiwa wamesimama palepale. Chini ya theluji hiyo kuna mipasuko ya barafu yenye kina, iliyofunikwa na madaraja ya theluji ambayo huwezi kuyaona. Kiongozi anaweza kutembea kwa ramani, dira na setilaiti, na atawafunga kamba. Ila mwendo hupungua sana, na kushuka kwa skii mkiwa mmefungwa kamba ni kazi ngumu kwa asiyeizoea. Katika hali hiyo saa mbili hugeuka nne.

La tatu ni usiku. Mwezi wa nne theluji hulowa mchana na kuganda usiku, na usalama wenu wa asubuhi unategemea huko kuganda. Anga likiwa wazi usiku, joto la theluji hupotea kwenda juu na gamba gumu hujengeka, hata hewa ikiwa na joto kidogo juu ya sifuri. Mawingu yakitanda usiku kucha, theluji haigandi vizuri, na jua likichomoza miteremko inayotazama mashariki huanza kulegea mapema sana. Ndiyo sababu mtaamshwa saa 11 alfajiri na kutakiwa muwe mmeshashuka kabla ya adhuhuri. Si ukali, wala si desturi ya kijeshi. Akiwaambia usiku wenye mawingu kwamba kesho hamtoki, jueni kwamba hajaogopa mawingu hayo. Ameogopa theluji ambayo haikuganda chini yake.

Nimguse mume wako hapa kwa heshima. Kufika Uhuru, mita 5,895, si jambo dogo, na mwili wake unajua hewa nyembamba ni kitu gani. Lakini Pigne d'Arolla, sehemu ya juu kabisa ambayo huenda mkapita, haifiki mita 3,800. Kilichomsumbua Kilimanjaro hakitamsumbua sana huku. Kilimanjaro njia yenyewe haikuwa ikimtega. Wapagazi walibeba mizigo, na aliyekuwa mchovu alipunguza mwendo, pole pole, bila madhara. Huku kila mtu anabeba mzigo wake, njia inaweza kubadilika kati ya alfajiri na saa 5, na anayepunguza mwendo anawasogeza wote kwenye saa ya hatari. Namwomba aje na moyo uleule wa Kilimanjaro, ila mapafu yasimpe uhakika ambao theluji haijampa.

Tuingie kwenye njia yenyewe, ili muone maamuzi yanavyofanyika. Siku ya Col du Chardonnet, kipito cha mita 3,323, upande wa kushukia ni mkali kiasi kwamba vikundi vingi huteremshwa kwa kamba. Kukiwa na bamba jipya hapo hakuna ujanja wa kulizunguka. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuanzia Verbier.

Kutoka nyumba ya Prafleuri mtavuka Col des Roux na kupita juu ya Lac des Dix, ziwa lililozuiwa na bwawa la Grande Dixence, ukuta wa zege wenye kimo cha mita 285. Ni mahali pazuri mno, lakini mtakuwa mnakatiza kwa muda mrefu chini ya miteremko mirefu inayopata jua la asubuhi. Hapo saa ndiyo kila kitu. Kiongozi akisema hakuna kusimama kupiga picha, msisimame.

Kutoka nyumba ya Dix, mita 2,928, kuna njia mbili za kwenda nyumba ya Vignettes, na hapa ndipo napenda sana jinsi njia hii ilivyokaa. Hali ikiwa nzuri mnapita juu, kwenye Pigne d'Arolla, na mnaona Mont Blanc mliyoiacha nyuma na Matterhorn mnayoiendea. Hali ikiwa mbaya mnapita Pas de Chèvres, mita 2,855, mnapanda ngazi za chuma zilizofungwa kwenye mwamba, mnateremka kuelekea kijiji cha Arolla, kisha mnapanda tena hadi Vignettes, au mnabaki kijijini mkilala kwenye kitanda chenye shuka. Atakayewapitisha Pas de Chèvres hajawanyima kilele. Amewapa njia ya kuendelea na wiki.

Nazungumzia hapa kwa uzito kwa sababu mwishoni mwa Aprili 2018 watu 14, miongoni mwao kikundi kilichokuwa na kiongozi, walikamatwa na dhoruba eneo hilihili. Walilala nje usiku kucha, mita mia kadhaa tu kutoka nyumba ya Vignettes, na saba kati yao walifariki. Machi 2024 watu sita walioondoka Zermatt kuelekea Arolla walikwama karibu na kilele cha Tête Blanche katika dhoruba; watano walipatikana wamekufa. Sisemi haya kuwahukumu marehemu wala waliowapenda. Nasema ili mume wako aelewe kwamba kule juu, upepo ukiwa mkali na kuona hakuna, nyumba iliyo karibu kwenye ramani inaweza isifikike. Na helikopta hairuki ndani ya dhoruba, hata uwe na bima ya namna gani.

Siku ya mwisho, Vignettes hadi Zermatt, ndiyo ndefu kuliko zote: kama kilomita 30, vipito vitatu, mito ya barafu, na mguu mmoja ndani ya Italia. Ukishavuka Col du Mont Brulé, kurudi nyuma ni shida na kusonga mbele ni lazima upande hadi Col de Valpelline, zaidi ya mita 3,500. Siku hii inataka dirisha kamili la hali nzuri. Nusu siku haitoshi, na "huenda ikafunguka" haitoshi kabisa. Dirisha lisipopatikana, kutoka Vignettes mnateremka hadi Arolla, mnapanda basi kwenda Sion, na kama mnataka sana kuiona Matterhorn, treni itawafikisha Zermatt jioni hiyohiyo. Najua maneno haya hayafurahishi. Lakini mkikubali leo, kabla hamjafunga mabegi, kwamba wiki inaweza kuishia Arolla, mtamwondolea kiongozi mzigo mzito wa kuwaona wateja wake wakinuna wakati anajaribu kufikiri.

Na ikiwa wiki yote ni mbaya? Kiongozi mwenye uzoefu ana milima mingine mfukoni. Anaweza kuwapeleka hospisi ya Grand-Saint-Bernard, mita 2,473, nyumba ya watawa iliyoanzishwa katika karne ya 11 na ambayo wakati wa baridi hufikiwa kwa skii au viatu vya theluji tu. Hata huko bonde la mwisho linaitwa Combe des Morts, na halikupewa jina hilo bure, kwa hiyo nako huenda mkasubiri. Anaweza kuwavusha hadi mabonde ya Italia ambako mawingu hayajafika. Anaweza kuwapeleka misituni, ambako miti huwapa macho kitu cha kushika ndani ya ukungu na upepo hauna nguvu. Baadhi ya siku nzuri kabisa za kushuka kwa skii hupatikana kati ya miti, theluji ikianguka, wakati vilele vyote vimefungwa.

Sasa upande wenu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kwa mliyoyaeleza, hofu yangu kwenu si hali ya hewa. Ni matembezi mawili tu. Kuteleza vizuri kwenye njia iliyolainishwa na mashine hakukuandai kwa gamba linalovunjika chini ya skii, wala theluji nzito ya saa 6 mchana, na mgongoni una kilo kumi. Wiki nyingi huharibika hapa, na lawama hutupiwa mawingu.

Kuna hesabu rahisi ya muda ambayo viongozi wa Uswisi wameitumia miaka mingi, inayotokana na kazi ya Werner Munter, kiongozi wa milima na mtaalamu wa maporomoko wa Uswisi. Chukua mita za kupanda, ugawe kwa 100. Ongeza kilomita za njia. Jumla igawe kwa nne. Kupanda mita 900 kwa kilomita 7 ni 9 na 7, jumla 16, yaani saa nne. Kikundi kipya mimi hugawa kwa tatu, na siku hiyo inakuwa saa tano na dakika 20. Tofauti hiyo ya saa moja na dakika 20 ndiyo inayowatoa kwenye theluji ngumu na kuwaweka kwenye theluji iliyoloa. Siku za mwisho wa juma zilizobaki kabla ya safari, pandeni mita 1,000 mkiwa na mabegi kamili, mjue namba yenu halisi, mumwandikie kiongozi bila kuipamba.

Fanyeni pia mazoezi ya vitu vidogo. Kugeuka kwenye mteremko mkali wakati wa kupanda, kwa kuinua skii moja na kuizungusha, mpaka mguu ujue wenyewe. Kubandua zile ngozi zinazonatishwa chini ya skii na kuwa tayari kushuka ndani ya dakika kumi, upepo ukivuma, bila glavu kupeperuka. Kufunga visu vya skii, yale meno ya chuma ya kushika barafu, kabla ya kufika kwenye barafu, si baada ya kuteleza. Usiku zianikeni ngozi hizo, ila si juu ya jiko, maana gundi huharibika. Na wakati wa baridi kali zitieni ndani ya koti ili zisikatae kunata.

Vifaa vya uokoaji msivifanye pambo. Kila mmoja awe na redio ndogo ya kutafutia aliyefukiwa, ambayo zote duniani hutumia kilohezi 457, sepetu ya chuma, na ufito mrefu wa kuchomea theluji. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika kumi za kwanza, uwezekano wa kumpata hai ni kama asilimia 90. Ikifika nusu saa umebaki karibu thuluthi. Hakuna helikopta inayoshinda dakika kumi. Mnaokolewa na mliye naye, kwa hiyo wewe na mume wako mnapaswa kuweza kumtafuta hata kiongozi mwenyewe. Fukieni redio moja ndani ya begi kwenye theluji karibu na nyumbani, mtafute, mrudie hadi mikono iache kutetemeka.

Nguo: jozi mbili za glavu, miwani mikubwa yenye kioo cheupe au cha manjano kwa siku za ukungu, na miwani ya jua ya giza kali kwa mito ya barafu. Nasisitiza hili kwetu wenye ngozi nyeusi, kwa sababu nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba sisi hatuungui. Tunaungua, midomo hasa, na macho hayana kinga yoyote ya rangi. Mwanga wa theluji hupiga kutoka chini pia, na nguvu ya miale huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Pakeni mafuta ya kukinga jua hata siku yenye mawingu mepesi, mpaka chini ya kidevu na ndani ya pua.

Jioni nyumbani mlimani ndipo siku ya kesho inapoamuliwa. Baada ya supu kiongozi atasoma taarifa ya Davos, atazungumza na mtunza nyumba, atawauliza viongozi wengine walichokiona njiani. Kaeni naye. Mwulizeni ni kitu gani kinachomtia wasiwasi kesho, ni wapi mnaweza kugeuka, na ni saa ngapi ya mwisho kufika hapo. Mkiona jibu la swali la pili ni "hakuna", mnayo haki ya kuuliza zaidi. Na semeni ya kwenu: goti linalouma, usiku uliokosa usingizi, woga wa mteremko wa leo. Wengi wetu tumelelewa kutomkatiza mtaalamu, tukiona kusema "nimechoka" ni kumvunjia heshima. Kwa kiongozi wa mlima ni kinyume: anapanga kwa kile anachokijua, na mlichomficha hakimo kwenye mpango wake. Ikitokea mmoja wenu hataki kuingia kwenye mteremko fulani, aseme kabla kamba haijafungwa, kwa sauti ya kawaida, naye atatafuta njia.

Kuhusu fedha, someni mkataba usiku huu. Mikataba mingi ya wiki za namna hii humpa kiongozi uhuru wa kubadilisha njia kwa ajili ya usalama bila kurudisha malipo, na ni haki, kwa sababu kazi yake siku ya dhoruba ni kubwa kuliko siku ya jua. Kinachofaa kuulizwa ni gharama za ziada: nani analipa teksi mkihamia bonde jingine, nani anaghairi vitanda kwenye nyumba za mlimani na kwa muda gani kabla. Hakikisheni bima yenu inagharimia uokoaji nje ya njia za skii, Uswisi na pia Italia na Ufaransa. Kama hamjamwuliza, mwulizeni pia kuhusu cheti chake; kiongozi aliyehitimu huwa na beji ya shirikisho la kimataifa la viongozi wa milima, UIAGM, na hachukizwi kuulizwa.

Kisha mjibuni barua yake. Mwambieni mnakuja, mmekubali kuanzia Verbier, mmekubali kuishia Arolla, na mmempa namba zenu za kupanda. Mwulizeni kama siku mbili za Chamonix zikiondoka, mnaweza kuzitumia kwanza huko Verbier kujifunza kushuka kwenye theluji mbovu na kutembea kwa kamba. Nina hakika atafurahi, na siku ya Dix mtakuwa mmeshamzoea, naye ameshawajua.